Goti la Binti Yako: Yampasayo Mama Kuyajua Kuhusu Netiboli

Na Muuguzi wetu, Litapunga – Mpanda

Ilikuwa alasiri moja ya mwezi wa Mei, mahindi yakiwa yameanza kukauka mashambani, pikipiki iliposimama mbele ya nyumba yangu hapa Litapunga. Binti wa kidato cha pili alikuwa ameketi katikati ya dereva na mama yake, goti la kushoto limevimba kama kibuyu.

"Nesi, shikamoo," mama yule aliniambia hata kabla hajashuka. "Mtoto ameteguka kwenye netiboli. Naomba dawa ya kuchulia. Kesho kutwa timu inaondoka."

Tulimketisha kwenye mkeka, nikamwuliza binti kama alianguka. Akasema hapana. Nikamwuliza kama aligongwa na mwenzake. Akasema hapana. "Niliruka kudaka mpira, nikatua, nikageuka nimpasie mwenzangu. Nikasikia pa! ndani ya goti, kama kijiti kimevunjika. Halafu mguu ukakataa."

Mama mpendwa, maneno hayo matatu, niliruka, nikatua, nikageuka, ndiyo yaliyonifanya nichukue kalamu. Mabinti zetu wengi wanacheza netiboli, tangu shule ya msingi kwenye UMITASHUMTA hadi sekondari kwenye UMISSETA. Tunawafulia sketi, tunawatafutia nauli, tunawashangilia. Lakini ni wachache kati yetu wanaojua mchezo huu unalitaka goti la msichana lifanye kazi gani, na nini kifanyike goti hilo linaposhindwa.

KANUNI INAYOZUNGUSHA MWILI

Netiboli ina wachezaji saba kila upande, na uwanja wake una urefu wa meta 30.5 na upana wa meta 15.25. Tofauti yake kubwa na michezo mingine ni kwamba mwenye mpira haruhusiwi kukimbia nao wala kuudundadunda. Ana sekunde tatu tu za kuutoa mkononi. Mguu wa kwanza kugusa chini baada ya kudaka ndio unaokuwa nguzo yake. Anaweza kuuzungukia mguu huo, akiutembeza ule mwingine upande wowote anaotaka. Akiuinua ule wa nguzo, hana budi kuachia mpira kabla haujagusa chini tena. Akikosea, filimbi inalia na mpira unakwenda kwa wapinzani.

Sasa mfikirie binti anayekimbia kwa kasi, anaruka juu kudaka mpira, kisha analazimika kusimama papo hapo kwa mguu mmoja. Wataalamu waliopima nguvu ya kutua kwa namna hii waliona kwamba mguu hupokea mzigo unaozidi uzito wa mwili zaidi ya mara tatu. Binti wa kilo 50 anatua kana kwamba amebeba kilo 150 na zaidi, halafu juu ya mguu huo huo anageuka.

Akigeuka kwa mwili mzima, nyonga, goti na wayo vikifuatana, hakuna neno. Hatari huja pale wayo unapong'ang'ania ardhi huku paja likizunguka na goti likiwa limenyooka au limeingia ndani. Goti liliumbwa kukunja na kukunjua kama bawaba ya mlango. Halikuumbwa kusokotwa kama nguo inayokamuliwa maji.

Ndani ya goti kuna kano mbili zilizopishana kama msalaba, zikifunga fupa la paja na fupa la muundi. Kano ya mbele ndiyo inayozuia muundi usichomoke kwenda mbele na usijisokote. Ndiyo pia inayokatika mara nyingi katika kutua na kugeuka, na mara nyingi inakatika bila mtu kuguswa na mwenzake. Pamoja nayo, vipande viwili vya gegedu vilivyo kama mwezi mwandamo, ambavyo ni mito ya goti, huweza kuchanika.

KWA NINI WASICHANA ZAIDI?

Katika michezo ya kuruka na kugeuka, wasichana huumia kano hii mara mbili au zaidi kuliko wavulana wanaocheza mchezo huo huo. Hatari hupanda baada ya kubalehe. Mvulana akirefuka, misuli yake hukua kwa kasi pamoja na mifupa. Msichana hurefuka na kuongezeka uzito, lakini misuli ya mapaja na makalio haikui kwa kiasi hicho isipofanyishwa mazoezi. Nyonga zake hupanuka, na wengi hutua magoti yakikaribiana, huku misuli ya nyuma ya paja, iliyo rafiki mkubwa wa kano ile, ikiwa dhaifu.

Kuna sababu nyingine isiyohusu maumbile. Wavulana wetu wamecheza mpira tangu wakiwa na miaka minne. Wameruka na kuanguka mara elfu, na miili yao imejifunza. Binti kwa umri huo alikuwa amembeba mdogo wake mgongoni. Anakuja kuitwa uwanjani akiwa kidato cha kwanza kwa sababu ni mrefu, na majuma matatu baadaye anaambiwa aiwakilishe shule.

HATA KWENYE BARAFU

Tatizo hili si letu peke yetu. Huenda umepata kuona kwenye televisheni wasichana wa nchi za baridi wakicheza juu ya barafu kwa viatu vyenye wembe wa chuma. Hata jirani zetu wa Nairobi walipata uwanja wa barafu katika Hoteli ya Panari mwaka 2005. Wasichana wale huzunguka kama pia na kuruka wakijisokota hewani mara mbili, mara tatu, na wengine siku hizi mara nne. Nao wana kanuni zao. Kwa miaka mingi programu yao fupi iliwataka wanawake wafanye mzunguko wa kupinda mgongo kwa nyuma au kwa ubavu. Mzunguko huo ni mzuri mno machoni, lakini ukirudiwa kila siku na mtoto anayekua, huuchosha uti wa mgongo hata mifupa yake kupata nyufa. Surya Bonaly, bingwa wa Ufaransa aliyesifika kwa kuruka, alikatika kano ya kisigino mwaka 1996.

Mwaka 2022 Chama cha Kimataifa cha Kuteleza kwenye Barafu kiliamua kupandisha umri wa kushindana na watu wazima kutoka miaka 15 hadi 17, kwa hatua, ili kulinda afya ya miili na akili za watoto. Wakubwa waliketi wakakubali kwamba kanuni za mchezo zilikuwa zinawadai watoto zaidi ya miili yao. Sisi hatuna barafu, lakini swali ni lile lile: ni nani anayemwangalia mtoto wakati wengine wote wanaangalia ushindi?

SIKU YA KUUMIA

Turudi kwa binti yetu mkekani. Mama alitaka dawa ya kuchulia, na hapo ndipo wengi wetu tunapokosea. Goti linalovimba ndani ya saa mbili baada ya mlio ule mara nyingi limejaa damu ndani. Ukilichua au ukilikanda kwa maji ya moto siku hiyo, unaongeza damu na uvimbe. Ukilivuta na kulipindua, unaweza kumalizia kukata kilichobaki. Fanya hivi:

1. Mtoe uwanjani mara moja. Asijaribu kukimbia kidogo "kuona kama linashika".

2. Lipoze goti. Kama barafu ipo, ifunge kwenye kitambaa, usiiweke moja kwa moja kwenye ngozi. Kama haipo, loweka kanga katika maji baridi ya mtungini, liwekee goti kwa dakika 15, kisha pumzisha. Rudia kila baada ya saa mbili au tatu kwa siku mbili za mwanzo.

3. Lifunge kwa bandeji ya kuvutika, isiyobana sana. Vidole vikipata ganzi au vikiwa baridi, legeza.

4. Alale, mguu ukiwa juu ya mto au gunia la nguo, juu kuliko kifua.

5. Kwa maumivu, parasetamoli kwa kipimo cha umri wake inatosha. Usimpe mtoto aspirini. Na usikubali kamwe achomwe sindano ya kutuliza maumivu ili arudi kucheza. Maumivu ni mlinzi wake. Ukimlaza mlinzi, mwizi anaingia.

Mpeleke hospitali bila kungoja ikiwa hawezi kupiga hatua nne, goti limepinda, limejifunga halikunjuki, linavimba upesi, au mguu una ganzi. Goti la moto lenye homa ni dharura. Angalia pia goti au mfupa unaovimba na kuuma usiku bila kuumizwa: huenda ni selimundu, maambukizi au uvimbe wa mfupa, na usiupe jina la michezo kabla daktari hajauona.

Jambo moja zaidi. Picha ya eksirei huonyesha mifupa, haionyeshi kano. Mama wengi wameniambia, "Picha ilikuwa safi, kwa hiyo hana kitu." Picha safi maana yake ni kwamba mfupa haukuvunjika. Goti likiendelea kuvimba au kuchomoka mtoto anapogeuka, rudi umwombe daktari alipime kwa mikono yake, na kama inabidi akupe rufaa kwa mtaalamu wa mifupa. Wagonjwa wengine hufikishwa hadi Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, jijini Dar es Salaam.

KOSA LANGU

Sisemi haya kwa kuwa najua yote. Miaka mingi iliyopita, nikiwa muuguzi kijana katika kituo kimoja nisichokitaja, aliletwa binti mwenye goti la namna hii hii. Nilimpa vidonge, nikamwambia apumzike majuma mawili kisha aendelee. Uvimbe ulikwisha, naye akaniamini. Juma la tatu alirudi uwanjani, akatua, akageuka, goti likachomoka tena. Safari hii gegedu nalo lilichanika.

Leo ni mama wa watoto watatu. Nikikutana naye njiani kutoka kisimani huteremsha ndoo kichwani ili anisalimie, kisha huniomba nimtwike tena, maana goti halimruhusu kuchutama na kuinuka na mzigo. Hajawahi kunilaumu. Mimi hujilaumu kila ninapoinua ile ndoo.

Hapo ndipo penye uzito wa jambo hili, mama mpendwa. Watu wengi waliokatika kano hii, karibu nusu yao, hupata ugonjwa wa kuchakaa kwa goti ndani ya miaka kumi hadi ishirini, yaani kabla hata ya kufika miaka arobaini. Kwa mwanamke wa huku kwetu goti ni jembe, ni ndoo, ni kupiga magoti mbele ya mafiga, ni kumbeba mtoto. Si suala la mchezo tu.

UPONYAJI UNA HESABU YAKE

Si kila kano iliyokatika lazima ipasuliwe. Wapo wanaoishi vizuri kwa mazoezi ya misuli peke yake, hasa wakiacha michezo ya kugeuka. Wapo wanaohitaji upasuaji, ambapo daktari huchukua kipande cha kano nyingine ya mgonjwa na kutengeneza mpya. Lakini kwa njia zote mbili mazoezi ndiyo dawa, na yanahitaji uvumilivu.

Aliyepasuliwa asirudi kwenye mchezo wa kuruka na kugeuka kabla ya miezi tisa. Sisi akina mama tunaijua hesabu hii. Hakuna anayemharakisha mtoto tumboni kwa kuwa sherehe imekaribia. Kano mpya nayo inakua gizani, na anayerudi mapema hujiongezea sana hatari ya kuikata tena. Hata baada ya miezi tisa apimwe kwanza: je, mguu ulioumia una nguvu sawa na mwenzake? Je, anaruka kwa mguu mmoja na kutua bila kuyumba?

DAKIKA KUMI NA TANO ZA KINGA

Habari njema ni kwamba majeraha mengi ya goti yanazuilika. Mazoezi maalumu ya kupasha mwili moto na kujifunza kutua, yakifanywa mara mbili au tatu kwa juma, yamepunguza kukatika kwa kano hii kwa wasichana kwa karibu nusu. Shirikisho la soka duniani lina utaratibu wake uitwao 11+, na chama cha netiboli cha Australia nacho kimetengeneza wa kwake kwa ajili ya magoti. Hauhitaji vifaa. Mwombe mwalimu wa michezo, kwa heshima, atenge dakika 15 kabla ya mpira kutupwa:

– Kukimbia polepole, mbele, nyuma na kwa ubavu.

– Kuchutama nusu na kuinuka mara kumi, magoti yakielekea vidole vya miguu, yasiingie ndani.

– Kusimama kwa mguu mmoja huku akidaka mpira, nusu dakika kila mguu.

– Kupiga magoti mwenzake akimshika vifundo, kisha kuinamia mbele polepole mwili ukiwa umenyooka. Hili huimarisha nyuma ya paja.

– Kuruka na kutua kimya. Mwambie binti atue kama paka: magoti yamekunjwa, bila kishindo. Ukisikia kishindo, arudie.

– Kutua kisha kugeuka kwa hatua ndogondogo, wayo ukifuata mwili.

Na uwanja je? Wazazi wakijitolea siku moja kwa majembe, mashimo yatafukiwa na changarawe itaondolewa. Raba zenye soli isiyokwisha ni bora kuliko ndala au viatu vya plastiki vinavyoteleza ndani kwa jasho. Kumbuka kwamba kifundo cha mguu ndicho kinachoteguka mara nyingi zaidi katika netiboli, na kifundo kilichoachwa bila kupona humfanya binti atue vibaya kwa goti.

SAHANI NA HEDHI

Binti anayefanya mazoezi kila jioni, kisha anachota maji na kupika, hawezi kuishi kwa chai ya rangi asubuhi. Mwaka 2014 Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ilitoa onyo kuhusu wanamichezo wanaotumia nguvu nyingi kuliko wanayokula. Dalili mojawapo kwa wasichana ni hedhi kukoma au kupotea miezi mitatu mfululizo. Baadhi ya mabinti hufurahi na kusema wamepumzika. Hakuna pumziko hapo. Mwili umeona chakula hakitoshi, umeanza kubana matumizi, na mifupa ndiyo inayolipa kwa kudhoofika na kupata nyufa.

Mwulize binti yako kwa upole, bila kumshuku. Hedhi ikikosekana kuna sababu nyingi, ujauzito ukiwa mmoja wao, na zote hustahili kupimwa bila matusi. Msichana aliyefika miaka 15 bila kuvunja ungo naye aonwe na daktari. Nyumbani, mpe uji wa asubuhi wenye karanga, maharage, dagaa wa Ziwa Tanganyika na mifupa yao, kisamvu, matembele, na maziwa yakipatikana. Apate maji ya kunywa kabla na baada ya mazoezi.

NA SISI AKINA MAMA?

Katika sikukuu za kanisa letu akina mama nao huvaa sketi na kuingia uwanjani, kicheko kikubwa. Ni jambo jema. Lakini tusitoke jikoni moja kwa moja tukaruka. Mwenye mimba asicheze netiboli. Hatari ya kuanguka na kugongwa ni kubwa, kutembea kunamtosha. Aliyejifungua asikimbilie kuruka kabla ya miezi mitatu. Ndivyo walivyoshauri wataalamu wa mazoezi ya tiba wa Uingereza mwaka 2019. Akiona mkojo unamtoka anaporuka, au anahisi uzito kama kitu kinashuka ukeni, aache na aende kliniki. Ni tatizo la misuli, linatibika, na halina aibu.

AENDE AU ASIENDE?

Siku ile nilimwambia mama ukweli: binti haendi na timu. Binti alilia. Na kilio kile hakikuwa cha kitoto. Alijua kwamba mchezo hufungua milango. Amewasikia wasichana waliochukuliwa na timu kama JKT Mbweni. Amesikia habari za Peace Proscovia wa Uganda, aliyekwenda kucheza Uingereza katika timu ya Loughborough Lightning na baadaye Australia, na jinsi Uganda ilivyoshika nafasi ya tano katika Kombe la Dunia la Cape Town mwaka 2023. Tusimwambie mtoto kwamba ni mchezo tu.

Baba yake alipopigiwa simu alisema, "Si nilisema? Michezo basi." Mwalimu wake naye aliuliza kama haiwezekani kulifunga goti acheze hata nusu. Mama alibaki katikati, ameshika simu. Nilimwambia kwamba hana haja ya kumfuata mmoja wao. Kumfungia binti milele hakulijengi goti, na kumrudisha kesho kunalibomoa. Njia ya tatu ipo, ila ni ndefu.

Wameichagua njia hiyo. Hospitali imemwona, rufaa imefika kwa mtaalamu, na kwa sasa ameambiwa aanze na mazoezi. Kila jioni, nyuma ya nyumba, binti anachutama nusu na kuinuka huku mama yake akihesabu na kupepeta mchele. Mwalimu amempa filimbi. Siku za mazoezi anasimama pembeni akiwafundisha wa kidato cha kwanza kutua kimya. Juzi nilipita nikamsikia akimkemea mmoja: "Rudia! Nimekusikia!"

Huu ni mwezi wa saba. Nilimwuliza mama kama hachoki kuhesabu. Akacheka: "Nesi, huyu nilimngoja miezi tisa asiyejulikana hata sura. Sasa namjua, nitashindwaje?"